Peugeot ya Waya

Mwaka 1984 niliombwa kuwa mmoja wa waamuzi watatu katika maonyesho ya kazi za mikono ya shule za msingi, katika wilaya moja ya mkoa wa Morogoro. Nilipewa meza ya vitu vya kuchezea. Nilikuwa mwalimu wa hisabati, nina rula mfukoni, na sikuona kwa nini nisifae. Juu ya meza ile palikuwa na magari kumi na moja ya waya. Kumi yalikuwa Landrova na malori, yaani magari ya mistari iliyonyooka, ambayo waya huyapenda. La kumi na moja lilikuwa Peugeot 404. Nililipa alama 41 kati ya 100.

Alama zile ninazo mpaka leo katika daftari langu, pamoja na maneno niliyoyaandika pembeni: "Vipimo havikufuatwa. Magurudumu makubwa mno. Mwili mfupi. Paa limelala." Insha hii ni ya kuyarudia maneno hayo moja baada ya jingine, maana nimekaa nayo muda mrefu kuliko mwamuzi anavyopaswa kukaa na uamuzi wake.

Kwanza gari lenyewe. Msomaji kijana huenda hajapata kuiona 404. Ilitoka Ufaransa mwaka 1960, na umbo lake lilichorwa na kampuni ya Pininfarina ya Italia. Huku kwetu iliitwa Pijo tu, na ilipata heshima kwa njia ya vumbi: ilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mara mbili kati ya hizo, 1966 na 1967, usukani ulikuwa mikononi mwa Bert Shankland, dereva aliyekuwa na makazi yake hapa Tanzania. Sisi tuliokuwa vijana wakati ule hatukuhitaji kuambiwa ni gari gani la kulichonga, kulichora au kulisuka. Nyuma lina mapezi mawili, si makali kama ya magari ya Marekani ya zama zile, ila yamenyanyuka kidogo kama mabega ya mtu anayesikiliza. Kutoka kwenye pezi, mstari mmoja unapita ubavuni mpaka taa ya mbele. Mstari huo ndio gari. Ukiupata, mtu aliye ng'ambo ya barabara atasema, "Ile Pijo." Ukiukosa, utakuwa na gari tu.

Landrova haina shida hiyo. Bodi yake ni bapa, madigadi yake ni bapa, kioo chake ni bapa. Mtoto akikunja waya pembe mraba mara kumi na mbili, ameshamaliza nusu ya kazi. Kwa sababu hiyo karibu kila gari la waya nililopata kuliona lilikuwa Landrova, basi au lori, na kwa sababu hiyo hiyo mtoto aliyechagua 404 alikuwa amejitwika mzigo ambao mimi, mwamuzi, sikuutambua. Bodi ya gari lile inapinda kila upande. Pale ambapo bati linapinda polepole hakuna mstari wowote wa kuufuata, na waya hauwezi kuwa kitu kingine ila mstari. Kwa hiyo msukaji hana budi kubuni mistari ambayo haimo katika gari, na kuiacha mingine ambayo imo. Hapo ndipo ufundi ulipo, na hapo ndipo mimi nilipokuwa napima kwa rula.

Gari la waya si gari lililopunguzwa. Ni mchoro uliosimama hewani. Alexander Calder, yule Mmarekani aliyekuwa Paris miaka ya 1920, alisuka nyuso za watu kwa waya, akaunda na sarakasi nzima ya wanyama na wachezaji wadogo aliowachezesha kwa mikono yake mbele ya wageni. Wakosoaji walisema amechora bila karatasi. Walisema kweli, lakini watoto wa Malawi, Zambia na wa kwetu hawakungoja kusikia habari za Paris. Mwandishi Karen Lynn Williams ana kitabu cha watoto kiitwacho Galimoto, kilichotoka mwaka 1990, juu ya mtoto wa Malawi anayetaka kuunda gari la waya. Ninakipenda kwa jambo moja: kurasa nyingi zinahusu kutafuta waya, si kuusuka. Mwandishi amejua kwamba waya ndio kikwazo. Ninakilaumu kwa jambo lilo hilo. Kusuka kwenyewe kunapita upesi upesi, kana kwamba mtoto akishapata waya, gari hujifanya lenyewe.

Katika miaka ile ya themanini ya mwanzo, ambayo maduka yetu yalikuwa na rafu na mwenye duka tu, waya ulikuwa mali. Ulipatikana kwenye mpini wa ndoo iliyotoboka, kwenye henga, kwenye spoki za baiskeli iliyokufa, kwenye seng'enge ya mtu asiye mkali. Nilipoitazama ile 404 nilihesabu aina nne za waya. Wakati ule niliona ni uchafu wa kazi. Leo naona kwamba kila aina iliwekwa mahali pake: mnene wa ndoo kwenye chasisi, spoki kwenye ekseli kwa kuwa spoki ni ngumu na haipindi ovyo, henga kwenye ule mstari mrefu wa ubavuni, na ule laini wa kufungia nondo kwenye taa na bampa.

Baada ya maonyesho yule mtoto, wa darasa la sita hivi, alinifuata nje. Alinisalimu, "Shikamoo mwalimu," nikaitikia, akauliza, "Mwalimu, uliliendesha?"

Sikuwa nimeliendesha. Hakuna gari hata moja nililoliendesha. Yote yalikuwa mezani, fimbo zao za usukani zimelazwa pembeni ili zisichukue nafasi. Nilimjibu kwamba mashindano yalikuwa ya ufundi, si ya mchezo. Hakubishana. Watoto wa wakati ule hawakubishana na mwalimu, nasi tulidhani kutobishana kwao ni kukubali.

Miaka mitatu iliyopita, nikiwa nimestaafu na mikono bado inatii, niliamua kuisuka 404 mwenyewe, tangu mwanzo, kwa vipimo sahihi. Nilichagua uwiano wa moja kwa kumi. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma gari halisi lina sentimita 265. Langu likawa na 26.5. Gurudumu na tairi lake ni yapata sentimita 64. Yangu yakawa 6.4. Nilichora kwanza kwenye karatasi ya miraba, ubavu, mbele na nyuma, nikanunua waya mpya wa milimita 3, plaizi mbili na chuma cha kulehemu. Ubavu mmoja peke yake niliukata vipande kumi na vinne na kuviunga kwa risasi. Kazi ilinichukua miezi miwili na zaidi. Likiwa mezani lilikuwa gari zuri, nalisema bila haya. Ningelipa 90.

Jambo la kwanza nililojifunza lilikuwa juu ya unene. Waya wa milimita 3 katika uwiano wa moja kwa kumi ni bomba la sentimita 3 katika gari halisi. Kwa nguzo ya kioo si mbaya. Kwa ukanda wa kromu wa ubavuni ni kichekesho. Kwa hiyo hata mimi niliyejivunia vipimo nilikuwa nimedanganya kila mahali waya ulipopita, ila udongo wa udanganyifu wangu ulikuwa umesambazwa sawasawa, ukaonekana kama sakafu.

Jambo la pili nililijua siku nilipolitoa nje. Nililifunga fimbo ya usukani ya mita moja, nikalisukuma uani. Lilikwenda hatua mbili, likachimba mchanga kwa pua, likasimama. Nikajaribu tena kwenye njia ngumu. Likakuta kokoto, gurudumu la mbele likakwama, nami nikiwa bado nasukuma kutoka juu, lehemu ya kwenye ekseli ikakatika.

Nilikaa kwenye kiti changu nikalitazama. Gari lilikuwa limepunguzwa mara kumi. Mchanga haukuwa umepunguzwa. Kokoto haikupunguzwa. Mimi niliyesimama nyuma yake na fimbo sikupunguzwa. Kokoto ya sentimita moja na nusu mbele ya gari langu ilikuwa sawa na jiwe la sentimita kumi na tano mbele ya gari la Shankland, na yeye alikuwa na injini, nami nilikuwa na kijiti kinachokandamiza gurudumu chini kadiri kinavyolisukuma mbele. Yule mtoto alijua. Magurudumu yake, nakumbuka niliyapima, yalikuwa sentimita 9, yamekatwa kutoka ndala na kukazwa juu ya duara la waya. Yalikuwa makubwa kwa sababu ardhi ya Morogoro ni kubwa.

Na ule ufupi wa mwili? Umbali wa ekseli zake ulikuwa kama sentimita 22. Nilidhani hakujua kupima. Lakini gari la waya huendeshwa na mtu anayekimbia, na hukata kona kati ya mti na mti, kati ya kuku na kuku. Ekseli zikikaribiana, gari hugeuka upesi. Alichukua sentimita nne na nusu kutoka katikati, mahali ambapo jicho haliangalii sana, akaacha mkia na pezi vikiwa na urefu wake, ili Pijo ibaki Pijo. Huo ni uamuzi wa msanii, nao mimi niliutoza faini.

Tena viungo. Mimi nililehemu; yeye alifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Niliandika "viungo vimelegea", na hilo ni kweli, vililegea, kwa maana viliruhusu bodi ijipinde gurudumu moja likipanda na kurudi likishuka. Risasi haijui kujipinda. Iko sawa au imekatika. Wataliano wa Maserati waliwahi kuunda gari la mashindano, Tipo 61, ambalo chasisi yake ilikuwa vibomba vyembamba karibu mia mbili vilivyounganishwa, hata likaitwa tundu la ndege. Nilipokuwa nalehemu nilijilinganisha nao. Lakini wale walikokotoa kila kibomba kinabeba nini. Mimi nilikuwa nimeweka nyaya kwa sababu ya sura tu, halafu nikazitaka zibebe.

Kitu kinachonikereketa zaidi ni ule mstari wa ubavuni. Wangu una vipande kumi na vinne, na kila kiungo kina uvimbe mdogo wa risasi. Wake ulikuwa henga moja iliyonyooshwa: ulianzia kwenye pezi, ukaja mbele, ukazunguka taa, ukarudi chini ya mlango kama kizingiti. Mkunjo mmoja ukikosewa, unatupa henga nzima, na henga nyingine haipo. Alikunja bila ya kuwa na nafasi ya kukosea. Nimejaribu mara sita kuufanya mstari huo kwa waya mmoja. Mara ya sita umekaribia.

Sasa nisije nikageuka upande wa pili na kumtukuza mtoto kwa kuwa nina deni naye. Hilo nalo ni kosa la wakosoaji, na lina watu wengi. Magari ya waya ya madukani yanayouzwa kwa watalii, yenye rangi na makopo ya soda yaliyokatwa vizuri, hayakosi sifa za namna hiyo kutoka kwa watu ambao wasingeyaweka mezani mwao. Paa lake lilikuwa limelala kweli. Mfanyaji alikuwa ameishiwa waya, au subira, akaunganisha nguzo za nyuma kwa waya laini wa nondo usioweza kubeba chochote, na gari likaonekana kama limenyeshewa. Hakuna hesabu ya mchanga wala ya kona inayolitetea paa lile. Katika kipengele cha unadhifu nilimpa 5 kati ya 20, na leo ningempa 8.

Lakini katika vipimo ningempa zote 25, maana alipima kitu sahihi. Na katika kipengele cha "manufaa", ambacho katika fomu yetu kilikuwa na alama 20, nami nikakijaza 6 bila kulisukuma gari hata shubiri moja, sina haki ya kujaza lolote. Ningekiacha wazi na kutoka naye nje.

Gari langu nimelisuka upya. Lina magurudumu ya sentimita 9 kutoka ndala zangu mwenyewe, ekseli zimesogezwa, na viungo vyote isipokuwa vya paa ni vya mpira. Mezani halipendezi tena. Limekuwa kama mtu mfupi aliyevaa viatu vya kaka yake. Wajukuu wamelichukua. Mkubwa wao aliniambia juzi, "Babu, linavuta kushoto," na ni kweli, linavuta; ekseli ya mbele nimeitoboa pembeni kidogo ya katikati. Nitaitazama Jumamosi.

Jina la yule mtoto limo katika daftari, kwenye safu ya kushoto, mkabala na 41. Sijui jumla ingekuwa ngapi sasa. Mapezi yake, hata hivyo, bado nasema yalikuwa marefu mno.