Kutoa na Kutoka: Lugha ya Mimba katika Fasihi na katika Kesi ya Malindi

Makala haya yanachunguza tofauti ndogo ya kisarufi ambayo, huko Kilifi, iligeuka kuwa suala la kesi na rumande. Kiswahili husema kwamba mimba "imetoka" au "imeharibika". Husema pia kwamba mwanamke "ametoa" au "ameharibu" mimba. Katika jozi ya kwanza hakuna mtenda. Katika jozi ya pili yupo mtenda, na akishapatikana mtenda, mshtakiwa hayuko mbali. Tunadai kwamba fasihi yetu andishi imemzoeza msomaji kuivuka tofauti hiyo kwa haraka mno.

Tamthilia ya Penina Muhando, yenye jina la wazi kabisa, Hatia (1972), inajengwa juu ya swali linalomkabili Cheja: mimba hii ni ya nani? Naye Euphrase Kezilahabi, katika Rosa Mistika (1971), anaipanua lawama hadi imfikie baba mzazi, shule na wanaume wanaomtumia Rosa. Upanuzi huo ndio nguvu ya riwaya hiyo. Hata hivyo, mwili wa Rosa unabaki kuwa ushahidi wa mwenendo wake, na mwisho wake ni kifo. Katika kazi zote mbili swali la nani mkosaji linatangulia swali la hali ya mgonjwa.

Tuisome sasa kesi ya Malindi kama matini. Mwaka 2019, msichana wa shule alifika kliniki katika Kaunti ya Kilifi akiwa na maumivu na kutokwa na damu. Afisa wa kliniki aliona kuwa mimba imeharibika, akamtibu. Polisi waliona kuwa imetolewa, wakawakamata wote wawili. Kifungu cha 26(4) cha Katiba ya 2010 kinakataza utoaji mimba isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, pana haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au ikiwa sheria nyingine inaruhusu. Maoni yanayotajwa hapo ni ya mtaalamu wa afya. Katika kisa hiki polisi walitanguliza ya kwao.

Machi 2022, Jaji Reuben Nyakundi wa Mahakama Kuu ya Malindi aliamua kuwa huduma hiyo ni haki ya msingi, akafuta mashtaka. Baadaye, Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo. Lakini hata kabla ya hukumu yoyote, jambo moja lilikuwa limekwisha kutendeka ambalo Cheja na Rosa hawakulijua. Msichana huyu, anayetambulishwa kwa herufi tatu tu, PAK, alitoka katika nafasi ya mshtakiwa akaingia katika ile ya mlalamishi.

Itahojiwa kwamba wasomaji wengi wa pwani, Waislamu kwa Wakristo, huuheshimu uhai tangu tumboni. Ni kweli, na hoja yetu haihitaji kulipinga hilo. Hata mwenye imani hiyo anadaiwa kutofautisha iliyotoka na iliyotolewa kabla hajamwita polisi.

Aidha, suala hili ni pana kuliko kutozaa. Katama Mkangi, mwandishi wa Ukiwa (1975) na mzaliwa wa Kilifi, alikuwa pia mwanasosholojia. Katika utafiti wake kuhusu Wataita, uliochapishwa mwaka 1983, alihoji gharama ambayo familia ndogo na mageuzi ya ardhi viliwatwisha wanyonge. Mwaka 1994, wanawake Weusi waliokutana Chicago walilipa jina dai la namna hiyo: kuzaa, kutozaa, na kulea katika mazingira salama. Kiingereza kilibidi kiunganishe dhana mbili, stahiki ya mtu na uadilifu wa jamii. Kiswahili kinazo zote mbili katika neno moja, haki.

Basi mhakiki anapomfundisha mwanafunzi Hatia au Rosa Mistika, asiishie kwenye swali la nani mkosaji. Amwulize pia: msichana huyu anaumwa wapi, na nani anamtibu?