Kishale cha Ford, kufuli la Audi na stika ya mlangoni

Aprili 1986 mhandisi mmoja wa Ford, Jim Moylan, alichukua gari la kampuni kwenda kikaoni katika jengo jingine la Ford, huko Michigan, Marekani. Mvua ilikuwa ya kumwagika na mafuta yalikuwa chini. Akaingia sheli, akaegesha, akashuka, akakuta tundu la tangi liko upande wa pili. Akageuza gari, akajaza, akalowa chapachapa. Aliporudi ofisini aliandika waraka mfupi kwa wakubwa wake: kwenye geji ya mafuta wekeni alama ndogo inayoonyesha tangi liko upande gani. Pendekezo likakubaliwa, na magari ya kwanza kuwa na kishale hicho yalikuwa Ford Escort na Mercury Tracer ya mwaka 1989.

Kinachonivutia mimi ni bei yake. Geji ilikuwa inachapwa picha ya pampu hata hivyo. Kuongeza pembetatu ndogo pembeni yake hakukuhitaji waya, taa wala swichi. Ndiyo maana watengenezaji wengine waliiga bila kusubiri kulazimishwa na sheria, na leo ni vigumu kupata gari jipya lisilo nayo. Kwetu mhudumu wa sheli ndiye anayejaza na wewe unabaki kwenye kiti, kwa hiyo wengi hawajawahi kukitafuta. Ila azima gari la shemeji siku ya foleni ya mafuta, uingie upande usio wake, ndipo utajua thamani yake. Na kuna imani moja ya mtaani ya kuiondoa hapa: kwamba mpira wa pampu kwenye ile picha, ukiwa kulia, basi tangi liko kulia. Si kweli. Picha ni picha tu. Kama gari lako ni la zamani na halina kishale, utalazimika kukumbuka mwenyewe.

Mwaka huohuo wa waraka wa Moylan, mambo mazito zaidi yalikuwa yanaikuta Audi. Novemba 1986 kipindi cha televisheni cha 60 Minutes, cha CBS, kiliwaonyesha Wamarekani watu waliosema Audi 5000 zao zilichomoka zenyewe, wengine wakiapa kwamba mguu ulikuwa kwenye breki. Baadaye ilijulikana kuwa gari moja lililoonyeshwa pedali ikishuka bila mtu lilikuwa limechezewa: mtaalamu alitoboa giaboksi na kuingiza hewa ya mgandamizo. Lakini jina lilikuwa limeshachafuka. Mwaka 1985 Audi iliuza magari zaidi ya 74,000 Marekani. Kufikia 1991 yalikuwa 12,000 na ushei. Mamlaka ya usalama barabarani ya huko, NHTSA, ilitoa ripoti yake mwaka 1989: kwa sehemu kubwa, madereva walikanyaga mafuta wakidhani wanakanyaga breki, na mpangilio wa pedali pamoja na mzunguko wa injini uliokuwa unapandapanda ulichangia kuwachanganya.

Dawa ambayo Audi ilikuwa imeshaiweka ni kufuli la gia: mkono wa gia ya otomatiki hautoki kwenye P mpaka ukanyage breki. Kufuli hilo sasa limo karibu katika kila gari la otomatiki linaloshuka bandarini Dar es Salaam na Mombasa. Washa swichi bila kuwasha injini, kanyaga breki, sikiliza chini ya mkono wa gia: utasikia «tik». Hiyo ni sumaku ya umeme inayovuta pini na kuachia mkono. Na sumaku hiyo inapata habari ya breki kutoka kwenye swichi ileile ya pedali inayowasha taa za breki za nyuma.

Hapo ndipo penye faida kwa mwenye gari. Injini inawaka vizuri, lakini mkono wa gia umegoma kwenye P. Majirani wanakusanyika, mmoja anasema giaboksi imekufa, mwingine ana namba ya mtu wa gari la kuvuta. Kabla hujampigia yeyote, mwombe mtu asimame nyuma, ukanyage breki. Taa za breki haziwaki? Basi giaboksi haina kosa. Tafuta fyuzi iliyoandikwa STOP kwenye boksi la fyuzi, mara nyingi liko chini ya dashibodi, na ikiwa nzima, angalia swichi iliyo juu ya pedali ya breki. Hivyo ni vitu vya bei ndogo. Giaboksi unajua mwenyewe.

Na kama betri imekufa kabisa na gari limeziba njia, watengenezaji wamekuachia mlango wa dharura. Karibu na mkono wa gia, kwenye magari mengi ya Toyota, kuna kitufe kidogo kilichoandikwa SHIFT LOCK, au kifuniko cha plastiki chenye ukubwa wa ukucha. Vuta breki ya mkono kwanza, kanyaga breki, bandua kifuniko kwa bisibisi bapa, bonyeza ndani kwa ncha ya ufunguo, peleka mkono kwenye N. Gari sasa linasukumika. Nimeona vijana wanne wakinyanyua Vitz iliyogoma kwenye P, wakiikokota, huku kitufe hicho kikiwatazama muda wote.

Kitufe kingine kinachosingiziwa ni O/D, kilicho ubavuni mwa mkono wa gia wa magari ya otomatiki ya gia nne: Probox za kwanza, IST, Noah za zamani na wenzao. Ukikibonyeza, taa ya O/D OFF inawaka kwenye dashibodi, na wapo wanaokimbilia kwa fundi wakidhani ni hitilafu. Wapo pia wanaoiacha imewaka mwaka mzima kwa kuambiwa inabana mafuta. Ukweli ni kinyume. O/D ni gia ya nne, ile ambayo mhimili unaotoka giaboksi huzunguka haraka kuliko injini. Ukiizima, injini inabaki inazunguka kwa kasi zaidi kwa mwendo uleule, na mafuta yanakwenda. Barabara tambarare iache O/D ifanye kazi. Izime unapopanda na gari linahangaika kubadili gia huku na huku, na zaidi ya yote, izime unaposhuka.

Chukua mteremko wa Kitonga, mkoani Iringa. Kona zimebana, malori yako mbele yako, na dereva mgeni anashuka akiwa kwenye D, mguu juu ya breki kutoka kileleni mpaka chini. Breki zinageuza mwendo kuwa joto, na joto linafika kwenye maji ya breki. Maji ya breki hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa: DOT 3 mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu, kiwango cha chini kinachoruhusiwa kinashuka hadi 140. Yakichemka kunakuwa na mvuke ndani ya mabomba, na mvuke unabonyea. Pedali inazama sakafuni na gari haliitiki. Zima O/D, ikibidi peleka mkono kwenye 2, na injini yenyewe italishika gari. Kwenye magari ya CVT tafuta S au B. Hapo B maana yake ni kushikwa na injini.

Sasa wale wa «achia nyutro ubane mafuta». Katika gari la kabureta walikuwa na hoja kidogo. Katika gari la EFI hawana. Unaposhuka gari likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, kompyuta inafunga nozeli kabisa kwa sababu magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Ukiweka nyutro, injini inahitaji mafuta ili isizimike. Yaani unapoteza kushikwa na injini, unachosha breki, na bado unachoma mafuta ambayo usingeyachoma.

Vidogo vidogo viwili kabla ya kufika kwenye matairi. Kile kigurudumu kidogo chenye tarakimu kuanzia 0, kushoto au kulia kwa usukani, si cha mwanga wa dashibodi. Ni cha kuinamisha taa kubwa. Ukiwa peke yako kiweke 0. Ukipakia abiria nyuma na magunia kwenye buti, mkia wa gari unashuka, taa zinaangalia juu, na unawapofusha wanaokuja. Sogeza tarakimu ipande mpaka mwanga urudi barabarani. La pili ni ukungu wa kioo wakati wa masika. Acha kitambaa. Washa kiyoyozi, hata ukikiweka joto, elekeza upepo kwenye kioo, na zima kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Kiyoyozi hukausha hewa: unyevu unageuka kuwa matone kwenye rejeta yake ya baridi na kutiririka nje. Yale maji yanayodondoka chini ya gari ukishaegesha ndiyo hayo, na hayahitaji fundi.

Matairi ndiyo yanayoniudhi kuliko yote, kwa sababu jibu limeandikwa na hakuna anayelisoma. Fungua mlango wa dereva, angalia nguzo pale mlango unapofungia. Gari lililotoka Japani lina stika hapo. Maandishi ni ya Kijapani, lakini tarakimu ni zetu sote: ukubwa wa tairi, na kando yake upepo kwa kPa, kwa mfano 230, au 2.3 kwa kile kipimo chao kingine. Fundi wa tairi anatumia PSI. Gawanya kPa kwa 7 na utakuwa umekaribia kabisa: 230 ni PSI 33, 210 ni PSI 30 na kitu. Pima asubuhi kabla tairi halijapata moto, maana likishatembea upepo unapanda na geji inakudanganya.

Badala yake mtaani kila gari linajazwa 35, liwe Vitz au Harrier, na mwenye kuonekana mjuzi anasoma namba iliyo ubavuni mwa tairi, 44 au 51. Hiyo ni MAX: kikomo cha tairi lenyewe, ambalo halijui limefungwa kwenye gari gani. Tairi lililojazwa kupita kiasi linakanyaga kwa katikati tu, linalika katikati, na kwenye lami yenye maji linashika kidogo. Ukiwa hapohapo ubavuni, tafuta herufi DOT na ufuate mstari wake mpaka kwenye tarakimu nne za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Utaratibu huo wa tarakimu nne ulianza mwaka 2000, kwa hiyo ukiuziwa mtumba wenye tarakimu tatu, tairi hilo limetengenezwa karne iliyopita, hata kama kashata zake bado ndefu. Na kama upande mmoja tarakimu hazipo, inama uangalie upande wa ndani. Mara nyingi zinachapwa upande mmoja tu.

Limebaki spea. Magari mengi madogo ya Japani huja na lile gurudumu jembamba la dharura chini ya zulia la buti. Kwa kuwa ni dogo, hewa yake ni kidogo, na linapaswa kubeba uzito uleule kama wenzake. Ndiyo maana linahitaji kPa 420, yaani PSI 60, karibu mara mbili ya tairi la kawaida. Mwendo wake hauzidi kilomita 80 kwa saa, na ni la kukufikisha kwa fundi, si la kwendea harusi Moshi. Upepo hutoka polepole hata tairi likiwa limelala, na hakuna anayelikumbuka mpaka usiku wa pancha. Wiki hii ukipita kwa fundi wa tairi, mwambie afungue buti aanze na spea, na akikubishia kwamba 60 ni nyingi, mwonyeshe ilivyoandikwa kwenye tairi lenyewe.