Maisha Mafupi ya Wamartiri Wetu: Namna ya Kuyaandika

Tangu 18 Agosti 2024, siku Kardinali Fridolin Ambongo alipowatangaza hapa Uvira wenye heri Padri Luigi Carrara, Padri Giovanni Didonè, Ndugu Vittorio Faccin na Abbé Albert Joubert, maisha yao yanasimuliwa kwa ufupi katika mahubiri na mafundisho. Jambo hilo ni jema. Lakini sisi wenye kazi ya kufundisha yatupasa kuuliza: maisha hayo mafupi twayaandika vema?

Desturi yake twaijua. Alizaliwa mwaka fulani, tangu utoto alipenda sala, akapewa upadri, akafanya kazi kwa bidii, akauawa. Ondoa jina, weka la mwingine, hakuna kinachogeuka. Hilo ni kosa la kwanza: kanzu moja yavikwa watu wote, nayo haimfai hata mmoja.

Tusiseme ufupi ndio unaoharibu. Tumtazame Marko Mtakatifu, sura ya 15, aya ya 21. Katika aya moja tu atupa habari za Simoni: mtu wa Kirene, aliyekuwa akitoka shamba, baba wa watoto wawili wanaotajwa kwa majina, akalazimishwa kuchukua msalaba. Hakuna sifa pale. Hata hivyo twamwona Simoni kama jirani, kwa sababu Marko alichagua mambo yaliyo ya Simoni peke yake.

Mambo ya namna hiyo yako katika habari za Baraka. Tarehe 28 Novemba 1964 gari la askari lilisimama kule misioni. Ndugu Faccin aliamriwa kupanda. Akakataa, akapigwa risasi. Padri Carrara, aliyekuwa akiungamisha watu, akatoka. Akaamriwa vile vile. Akapiga magoti karibu na maiti ya mwenzake, akitaka kufa pamoja naye. Mwandishi anayeongeza hapo kwamba alikuwa na moyo wa kishujaa apunguza badala ya kuongeza.

Kosa la pili lamhusu Abbé Joubert, aliyeuawa Fizi jioni ile pamoja na Padri Didonè. Alizaliwa mwaka 1908 upande wa Moba. Mara nyingi aitwa mwana wa Kapteni Joubert, na papo hapo baba achukua mistari yote: askari wa Papa, bunduki, vita juu ya wenye kuuza watumwa. Ni kweli, na Kapteni, aliyekufa mwaka 1927, astahili heshima. Lakini mama, Agnes Atakaye, Mwafrika aliyeolewa mwaka 1888, apata nusu ya mstari. Nani basi atamwonyesha mseminari kwamba padri huyu alizaliwa na kulelewa na mama wa nchi yetu? Tena awekwa wa nne, nyuma ya wageni watatu, kana kwamba aliwafuata tu. Alikuwa na miaka 56; Didonè 34, Carrara 31, Faccin 30. Alipewa upadri mwaka 1935, miaka 18 tu baada ya Abbé Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Kongo wa nyakati hizi. Yeye ndiye aliyekuwa mzee wao.

Kosa la tatu ndilo zito. Twaandika kwamba waliuawa na watu wabaya, kisha twanyamaza. Mtoto wa katekisimu atauliza: watu gani? Nyumbani atajibiwa kwa jina la kabila. Hapa petu, toka ziwa mpaka milima ya Mulenge, kila ukoo wahesabu wafu wake, na maisha ya mfu yaweza kugeuka hati ya mashtaka. Basi tuseme yaliyokuwa. Uhuru wa 1960 haukuleta yale watu waliyoyatumaini. Waasi walioitwa Simba waliingia Uvira Mei 1964. Tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji walishukia Stanleyville, na siku 4 nyuma yake risasi zililia Baraka na Fizi. Kusema hayo si kutetea uuaji. Ni kuzuia damu ya wamartiri isidaiwe kwa jirani asiye na hatia. Mkono uliopiga risasi ulikuwa wa mtu mwenye jina lake. Haukuwa wa kabila.

Kwa hiyo, ndugu wakatekista, mkiandika maisha mafupi, tafuteni kwanza jambo moja ambalo mtu mwingine hakulitenda. Mtajeni mama. Wekeni tarehe za nchi kando ya tarehe za mtu. Sifa ziacheni kwa Kanisa, lililokwisha kuzitangaza. Na wale waliokuwa watoto kule Baraka mwaka ule sasa ni wazee: tuwaendee upesi na daftari, kabla hawajazikwa na wanayoyajua.