Ng'ambo ni Wapi? Kuisoma Vuta N'kuvute Ukiwa Kyela

Ukisimama Kasumulu, mpakani mwa Kyela, mtu akikuuliza ng'ambo ni wapi, unanyoosha kidole tu: kule, baada ya Mto Songwe, Malawi. Aliye kule naye akiulizwa ananyoosha kidole huku. Mnyakyusa wa huku na Mngonde wa kule wanajuliana hali bila mkalimani. Tena mto wenyewe hauna msimamo. Mvua zikizidi unaacha njia yake na kuchimba nyingine, na shamba lililokuwa upande huu linaamkia upande wa pili. Kwetu, basi, ng'ambo huandikwa kwa herufi ndogo, kwani maana yake hutegemea aliposimama msemaji.

Katika riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute (1999), neno hilo linaandikwa kwa herufi kubwa. Ng'ambo ni jina la mitaa ya Unguja iliyokuwa upande wa pili wa mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na makazi ya watu wa chini. Maji yale yalikwisha kufukiwa na juu yake ikapita barabara, lakini jina halikufukiwa. Kila ninapoirudia riwaya hii, hapo ndipo ninapokwama: wakazi wa Ng'ambo wenyewe huita kwao “upande wa pili”. Wanajitaja kwa jicho la mtu aliyesimama kwingine.

Riwaya inasomwa kidato cha tano na cha sita, na inafika mpaka shule za huku kwenye migomba na mikakao. Wanafunzi wanafundishwa kuorodhesha dhamira: ndoa ya kulazimishwa, ukombozi, mapenzi, ubaguzi. Orodha si ya uongo, lakini inaniuma kuiona ikisimama peke yake, kwa sababu siasa za kitabu hiki zimeingia mpaka kwenye viambishi, na hakuna anayewaambia vijana watazame huko.

Tuanze na jina lake. “Vuta” ni amri. Mwenye kuamriwa haonekani, hana hata kiambishi. Halafu “n'kuvute”: ni, ku, shina la kitendo, na e ya kutaka. Mimi na wewe tumo ndani ya neno moja, tumeshikana, mmoja mtenda na mwingine mtendwa. Hata irabu ya “ni” imenyofolewa, imebaki alama yake tu, kama kitu kilichovutwa mpaka kikakatika. Na kamba haitajwi. Anayevutwa ni wewe. Pwani ya Matema, kwenye Ziwa Nyasa, wavuvi wakivuta kokoro, makundi mawili hushika kamba mbili, kila kundi upande wake, na wote huvuta kuelekea mchanga mmoja. Kinachovutwa ni wavu. Jina la Shafi halina wavu, wala ufukwe wa kukutania. Lina watu wawili tu, na kila mmoja ndiye mzigo wa mwenzake. Sijui namna fupi zaidi ya kuuelezea utawala wa kikoloni uliowapanga watu kwa asili zao.

Ndani ya kitabu tunamkuta Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa Raza, mwenye duka anayemzidi umri kwa mbali. Anamwacha, anakimbilia Ng'ambo kwa Mwajuma, mwanamke wa Kiafrika, na huko anakutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi na anayefanya siasa za siri dhidi ya Mwingereza. Sasa tazama lugha inavyomsaidia mwandishi. Mhindi, Mwarabu, Mwafrika, Mzungu: wote wamo ngeli moja, wote huchukua “a-”. Sentensi kama “alifungua mlango” haisemi rangi ya mkono, wala kama ni wa mwanamume au wa mwanamke. Asili ya mtu lazima itamkwe kwa kusudi, na ikishatamkwa, kitenzi kinachofuata kinaisahau. Amil Shivji alipoigeuza riwaya hii kuwa filamu mwaka 2021 hakuwa na nafasi hiyo, kwani kamera haiwezi kuacha kuonyesha ngozi. Serikali ya kikoloni nayo ilihitaji Uhindi, Uarabu na Uafrika, vitu vya ngeli ya U ambavyo mtu huwekwa ndani yake na kuhesabiwa. Riwaya inamrudisha mtu kwenye “a-”, na kwa kurasa kadhaa mfululizo Yasmin na Mwajuma ni wanawake wawili chumbani, basi.

Kurasa hizo ndizo bora kuliko zote. Denge na wenzake wakianza kueleza ukoloni, sentensi zinakauka na kugeuka hotuba. Tunaambiwa tuliyokwisha kuyaona. Tulikwisha kuyaona pale Yasmin alipovuka kizingiti cha Mwajuma. Nani anaingia kwa nani, nani analala kwa nani: kwa mambo hayo madogo Shafi anaandika historia kubwa. Mapinduzi ya 12 Januari 1964 alikuwa ameyaandika mapema, katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978). Miaka ishirini na moja baadaye amerudi nyuma, kwenye siku za Mwingereza, akamchagua binti wa dukani awe njia yetu ya kuingilia kisiwani. Nauona huo kuwa uamuzi wa kijasiri. Anatutaka tukikumbuke kisiwa kabla makundi hayajafungwa kwa damu, na tuone kwamba milango ilikuwa na watu wa kuifungua.

Kwa nini haya yamhusu mtu wa Kyela? Kuna karatasi moja. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba ambamo Wajerumani walikubali Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Waingereza, wakapewa kisiwa cha Helgoland. Mkataba huo huo ulipitisha mpaka kwenye kingo za Ziwa Nyasa hadi mdomo wa Songwe. Mvutano wa Tanzania na Malawi juu ya ziwa unarudi hapo mpaka leo. Siku hiyo moja, kwa wino mmoja, Wangonde walifanywa watu wa ng'ambo kwa Wanyakyusa, na kisiwa cha Yasmin kikapata bwana mwingine. Mwanafunzi wa Ipinda, hapa Kyela, anayedhani anasoma habari za Waunguja anasoma ukurasa wa pili wa hati iliyomgawa yeye.

Kwa hiyo ningemwomba afuatilie neno moja tu kitabu kizima, kila linapotokea. Yasmin akiwa kwa mumewe, Ng'ambo ni kule. Akishakaa kwa Mwajuma, kitanda kiko huku, rafiki yuko huku, na maisha yake yote yako huku. Herufi kubwa haijabadilika. Jina ni lile lile, Ng'ambo, na binti amelala ndani yake.