Programu ya READ 180 na Wanafunzi Waliochelewa Kusoma

Miongoni mwa programu za kompyuta zilizotungwa kwa ajili ya wanafunzi wakubwa ambao hawajamudu kusoma, READ 180 ya Marekani ni mojawapo ya zilizoenea sana. Asili yake ni utafiti wa Ted Hasselbring na wenziwe katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, ulioanza mwaka 1985. Ilijaribiwa katika shule za Orange County, Florida, katika miaka ya 1990, ikatolewa na Scholastic mwaka 1999, na mwaka 2015 ikawa mali ya Houghton Mifflin Harcourt. Jina lake ladai mengi: nyuzi 180 ni nusu ya duara, yaani mwanafunzi hugeuzwa akaelekea kule alikokuwa amekupa kisogo.

Aghalabu husemwa kwamba kompyuta ndiyo iliyowafundisha wanafunzi hao. Msemo huo si wa haki. Katika mpango wa asili kipindi kilikuwa cha dakika 90: dakika 20 za darasa zima, kisha vikundi vitatu vikipokezana kwa dakika 20 kila mahali, kwa mwalimu, kwenye kompyuta na kwenye vitabu vya kujisomea, na dakika 10 za kufungia. Basi mashine ilikuwa na dakika 20 tu. Mwanafunzi aliyepewa muda huo wote, na mwalimu aliye karibu naye, na vitabu vilivyo kiasi chake, akisonga mbele, sifa apewe nani? What Works Clearinghouse, idara ya serikali ya Marekani ipimayo utafiti wa elimu, ilitoa hukumu yake mwaka 2016: programu hii yafaa katika kufahamu yasomwayo, lakini katika elimu ya herufi na sauti zake haikuonekana athari ya kutambulika. Yaani faida haikudhihirika pale ambapo mtu angeitegemea zaidi mashine.

Walakini mashine nayo ina haki yake. Mvulana wa miaka 15 akwamaye katika neno la watoto wadogo huona haya mbele ya wenzake. Kompyuta haicheki wala haichoki. Kadhalika, kabla ya kusoma kifungu mwanafunzi huonyeshwa filamu fupi ya habari ile ile, apate kuyajua mambo kabla hajakutana na maneno. Hilo ni wazo jema, na halihitaji mashine ya thamani kubwa.

Atakayetaka kuigeuza programu ya namna hii kwa Kiswahili atakutana na shida nyingine kabisa. Katika Kiingereza herufi nne, o-u-g-h, husomwa kwa sauti kadhaa, na ndiyo maana mazoezi ya tahajia huchukua nafasi kubwa. Kiswahili hakina msiba huo. Mwanafunzi aweza kutamka *hawatatuonyesha* silabi kwa silabi pasipo kosa, asijue nani hataonyesha wala nani hataonyeshwa. Programu hii huwapangia wanafunzi vitabu kwa kipimo cha Lexile, ambacho hutazama urefu wa sentensi na wingi wa kutumika kwa maneno. Neno hilo moja la Kiswahili ni sentensi nzima, ambayo kwa Kiingereza ingehitaji maneno matano. Kipimo cha urefu kitasema ni rahisi mno. Kipimo cha maneno, kwa kuwa umbo hilo ni adimu vitabuni, kitasema ni gumu mno. Na vyote viwili vitakuwa vimepima nafasi zilizoachwa na mpiga chapa. Yapasa kihesabiwe kiambishi, si neno, na mazoezi yawe ya kulifumua neno: *ha-wa-ta-tu-onyesha*.

Tena pana jambo la Tanzania, ambako shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza ashindwaye na kitabu cha jiografia huenda ni msomaji hodari wa Kiswahili. Kumweka mbele ya kompyuta impigishe mazoezi ya herufi ni kumtibu mguu aumwaye jicho. Kwanza apewe vifungu viwili, kimoja kwa kila lugha, asome na kueleza alichofahamu kwa lugha aipendayo. Kazi hiyo yahitaji mwalimu na muda wa dakika chache, nayo itangulie ununuzi wowote.