Mshenga, Dalali na Kuwadi

Kiswahili kina majina mengi ya mtu aendaye baina ya pande mbili, wala wingi huo si wa bure. Wanafunzi wetu aghalabu huyafasiri yote kwa neno moja, "mpatanishi," wakadhani wamefasiri vema. Lakini mpatanishi, kama viambishi vya neno lenyewe vionyeshavyo, ni mtu awafanyaye wengine wapatane. Hatafutwi ila pamekuwa na ugomvi. Mshenga hutumwa pasipo ugomvi wowote.

Mshenga hupeleka posa kwa niaba ya upande wa mume, hurudi na jibu, na hujulikana kwa jamaa wa pande zote mbili. Kazi yake haiishi siku ya harusi: nyumba ikitikisika, aghalabu yeye ndiye aitwaye kwanza. Kwa hiyo ushenga ni dhamana. Dalali naye hufanya kazi ya wazi, ila dhamana yake hukoma bidhaa ikiisha kuuzwa, na ujira wake una jina lake, udalali. Kuwadi huchukua maneno kama mshenga na ujira kama dalali, lakini hufanya yote kwa siri, na kiuzwacho ni utu wa mtu.

Ajabu ni kwamba dalali na kuwadi, maneno yatokayo katika Kiarabu, yana asili zilizo karibu: moja latokana na kuonyesha, la pili na kuongoza. Basi aibu ya kuwadi haimo katika mzizi wa neno. Imo katika mwenendo wa mtu aitwaye kwalo.

Chachage Seithy L. Chachage alipoiita riwaya yake ya mwaka 2002 Makuwadi wa Soko Huria, neno "madalali" lilikuwa karibu zaidi, maana sokoni ndiko kwao dalali. Hakulichagua. Kwa uteuzi huo jina peke yake limekwisha kutoa hukumu: walioingia kati ya nchi na mitaji ya kigeni hawakutafuta mnunuzi wa bidhaa tu, bali walimuuza aliyewaamini. Mfasiri akiandika "mawakala," habari itabaki, hukumu itapotea.

Yamkini mtu atasema kwamba neno hili ni chafu, halistahili kuwekwa juu ya kitabu. Jawabu ni hili: lugha ikikosa jina la kumtenga aliyetumwa na aliyeuza, itawaheshimu wote wawili sawasawa.