Hesabu ya 1914: Fumbo la Danieli Lilivyogeuzwa Tarehe Ziwani Nyasa

Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Kiingereza Guendolen, ikiongozwa na nahodha Rhoades, ilitokea Liuli, bandari ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen. Ikaipiga mizinga meli ya Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani alikuwa bado hajapata habari kwamba vita imeanza. Ng'ambo ya ziwa, kule Bandawe, walikuwapo watu waliokwisha kuambiwa miaka kadhaa nyuma kwamba 1914 ndio mwaka wa mwisho.

Aliyewaambia ni Elliot Kamwana, Mtonga aliyesomeshwa na misheni ya Livingstonia. Akiwa Afrika Kusini alikutana na Joseph Booth, na kwa njia yake akayapata mafundisho ya Mmarekani Charles Taze Russell. Aliporudi kwao mwaka 1908 alihubiri na kubatiza kwa miezi michache tu watu wanaokadiriwa kufikia 10,000. Ujumbe wake ulikuwa mzito: Oktoba 1914 Kristo anakuja, Waingereza wanaondoka, kodi ya kibanda inakoma. Mwaka 1909 serikali ikamwondoa nchini.

Huku kwetu Mpepai na Mbinga nzima mahubiri ya tarehe hayajaisha, ila siku hizi yanapitia kwenye spika na simu. Kwa hiyo inafaa tuifungue hesabu iliyoutoa mwaka 1914 tuone ilivyoundwa.

Mzizi wake ni Danieli sura ya 4. Mfalme Nebukadreza anaota mti mkubwa unakatwa, kisiki kinabaki kimefungwa kwa chuma na shaba, kisha nyakati saba zinapita juu yake. Russell, aliyeipokea hesabu hii kutoka kwa Nelson Barbour, alisema mti ule ni utawala wa Mungu duniani na kisiki ni utawala huo uliosimamishwa. Halafu akaenda Ufunuo sura ya 12, ambako siku 1,260 zinalingana na nyakati tatu na nusu. Nyakati saba basi zikawa siku 2,520. Akaenda tena Hesabu 14 na Ezekieli 4, akachukua kanuni kwamba siku moja ni mwaka mmoja, na siku 2,520 zikawa miaka 2,520. Akaanzia mwaka 606 kabla ya Kristo, aliouona kuwa mwaka wa kuanguka kwa Yerusalemu. Toa 606 kwenye 2,520, unabaki na 1914.

Hesabu inavutia, nami sishangai kwamba watu makini waliikubali. Lakini itazame kiungo kwa kiungo. Mti umesomwa kama fumbo. Siku nazo ni fumbo. Ghafla miaka inakuwa miaka halisi, ya kuhesabiwa kwa kalenda, na Yerusalemu ni mji ule ule wa mawe. Msomaji amebadilisha kipimo njiani, na andiko halikumruhusu. Mkulima wa kahawa hapa Mpepai hamwachii mnunuzi aanze kupima kwa kilo kisha katikati ahamie debe.

Nasema andiko halikumruhusu kwa sababu sura ile ile ya 4 inajifafanua yenyewe. Danieli anamwambia mfalme waziwazi kwamba mti ni yeye. Miezi kumi na miwili baadaye, mfalme akitembea juu ya jumba lake la Babeli, neno linamfika: anafukuzwa kati ya watu, anakula majani kama ng'ombe, kisha akili zinamrudia. Fumbo limefunguliwa na kufungwa ndani ya sura moja. Vivyo hivyo Hesabu 14 inataja mwaka kwa siku kwa ajili ya wapelelezi waliozunguka Kanaani siku 40, na Ezekieli 4 kwa ajili ya nabii aliyeamriwa kulala ubavu. Penye kanuni hiyo, andiko limeitamka. Katika Danieli 4 haikutamkwa.

Hata mwanzo wa hesabu una kasoro. Wanahistoria wengi huweka kuanguka kwa Yerusalemu mwaka 587 au 586 kabla ya Kristo. Ukianzia 587, kwa kutoa vile vile unaishia 1933. Tena hakuna mwaka wa sifuri kati ya enzi mbili, kwa hiyo 606 inafika 1915, si 1914. Warithi wa Russell baadaye waliusogeza mwanzo hadi 607 ili mwisho ubaki pale pale. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mkubwa kuliko wote: tarehe ndiyo iliyokuwa ikiongoza hesabu.

Wala si kwamba kila unabii ni fumbo. Danieli mwenyewe, katika sura ya 9, anaisoma ile miaka 70 ya Yeremia kama miaka hasa, anafunga na kuomba. Mika anaitaja Bethlehemu, na ni Bethlehemu ile ile. Yesu alisema mawe ya hekalu yatabomolewa, na mwaka 70 majeshi ya Kirumi yakayabomoa. Lakini kondoo dume na beberu wa Danieli 8 ni wafalme, na sura hiyo yenyewe inawataja: Umedi na Uajemi, kisha Uyunani. Ufunuo 17 unasema mwanamke anayeonekana humo ni mji. Njozi inapoleta wanyama wenye pembe, aghalabu malaika au nabii yupo karibu kueleza.

Kamwana aliongeza hatua yake. Russell alizungumzia mwisho wa zile nyakati saba, alizoziita nyakati za mataifa. Masikioni mwa mtu anayedaiwa kodi ya kibanda, mataifa yakawa Waingereza wa pale bomani. Siwalaumu waliosikia hivyo. Shida zao zilikuwa za kweli, na hamu yao ya haki ilikuwa halali kabisa. Ila Oktoba ilipita. Baadaye wafuasi wa Russell wakasema Kristo alikuja mwaka huo bila kuonekana: yale yaliyohubiriwa kama tukio la wazi yakageuzwa fumbo baada ya siku kupita. Kamwana alirudi kutoka uhamishoni mwaka 1937, na kodi ilikuwa bado inatozwa.

Ndugu msomaji, mhubiri akikuletea mwaka, mwombe akuonyeshe mstari unaosema siku hiyo ni mwaka, katika sura hiyo hiyo anayoihubiri. Asipoweza, usiuze shamba lako.